Nanga Ishike Hadi Asubuhi: Mwongozo Kamili wa Kutia Nanga Mkiwa Safarini na Marafiki

Malalamiko yanakuja kwa sura ileile. Jioni bahari ilikuwa shwari, nanga ikatupwa, kamba ikafungwa, watu wakala na kulala. Usiku wa manane mmoja anaamka kwenda haja ndogo na kukuta taa za pwani zimehama.

Wengi wakishapatwa na hayo huenda kununua nanga nzito zaidi. Mara nyingi uzito si tatizo. Nanga huachia kwa sababu amari, yaani mnyororo na kamba yake kwa pamoja, ni fupi. Amari huwa fupi kwa sababu mtu alipima maji ya jioni akasahau kwamba usiku yatapanda. Sababu ya pili ni kwamba hakuna aliyeijaribu nanga ilipofika chini. Mambo hayo mawili nimeyapa nafasi kubwa kuliko mengine.

Mwongozo huu ni wa boti ndogo yenye injini, ya mita 5 hadi 12, inayotembea karibu na pwani na kulala usiku mmoja mahali penye kinga. Siku ya dhoruba dawa yake ni bandari, wala si nanga.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuondoka

- Nanga kuu inayolingana na ukubwa wa boti kwa mujibu wa jedwali la mtengenezaji. Ukijikuta katikati ya saizi mbili, chukua iliyo kubwa.
- Mnyororo. Kama boti haiwezi kubeba mnyororo mtupu, pata walau urefu unaolingana na boti yenyewe, kisha uunge kamba ya nailoni. Nailoni hunyumbuka, hivyo humeza mishtuko ya mawimbi. Kamba inayoelea haifai kwa kazi hii, kwani huishia kwenye pangaboi.
- Nanga ya pili na amari yake, ikiwa tayari kutumika.
- Kipima kina, pamoja na bildi ya mkono, yaani kamba yenye uzito wa kupimia kina, kwa siku ambayo umeme utagoma.
- Ramani ya bahari ya eneo hilo na jedwali la kujaa na kupwa kwa maji.
- Taa nyeupe inayoonekana pande zote, na alama nyeusi ya mviringo kama mpira, ya kutundika mchana.
- Glavu, tochi mbili, na kisu kikali kinachofikika haraka.
- Jaketi la kuokolea maisha kwa kila mtu, lenye saizi ya huyo mtu.
- Redio ya VHF, yaani ya mawasiliano ya baharini. Chaneli ya dharura ni ya 16, na kila aliyemo botini ajue kuibonyeza, maana nahodha naye anaweza kuwa ndiye aliyeanguka majini.

Mambo mawili yafanywe boti ikiwa bado imefungwa gatini. Kwanza, weka alama kwenye amari kila mita 5 au 10, kwa rangi au vipande vya kitambaa. Bila alama hizo utabaki kukisia, na anayekisia hukisia pungufu. Pili, kagua mwisho wa amari ulio ndani ya boti. Uwe umefungwa kwa kamba imara ndefu ya kutosha kufika juu ya sitaha, ili siku ya dharura uikate kwa kisu. Zipo boti ambazo mwisho huo haukufungwa popote, na mwenyewe alijua alipoona mkia wa mnyororo ukitokomea majini.

Angalia pia pini ya pingu inayounga nanga na mnyororo. Ifunge kwa waya mdogo usioshika kutu, kwa kuwa pini isiyofungwa hujifungua yenyewe polepole.

## Hatua ya 1: Gawa kazi kabla ya kuona ghuba

Kelele za kutia nanga ni maarufu. Aliye omo, yaani mbele ya boti, anapiga ukelele, aliye kwenye usukani hasikii kwa sababu ya injini, na wanne waliobaki wanatoa ushauri. Urafiki mwingi umepata nyufa hapo.

Watu wawili tu ndio wafanye kazi: mmoja usukani, mmoja omo. Wengine wakae chini, mahali ambapo hawamzibii anayeendesha. Anayejisikia kusaidia apewe kazi ya kusoma kipima kina kwa sauti.

Kubalianeni ishara za mkono. Mkono ulionyooshwa waonyesha upande amari ilipoelekea. Kiganja kinachoshuka maana yake teremsha. Ngumi iliyofungwa maana yake simama. Usiku, tochi imulike maji. Ukiimulika nyuma utampofusha mwenye usukani kwa dakika kadhaa.

Onyo moja lisilo na mjadala: hakuna anayezungusha amari mkononi wala kusimama ndani ya mikunjo yake. Boti ya tani mbili ikivutwa na upepo haisimamishwi na kifundo cha mkono.

## Hatua ya 2: Chagua mahali kwa upepo wa usiku

Tafuta sehemu ambayo nchi kavu, kisiwa au mwamba vinaukinga upepo na mawimbi. Kisha jiulize kama kinga hiyo itakuwepo saa nane usiku. Kwenye pwani nyingi upepo huvuma kutoka baharini mchana, jua likiwa limeipasha ardhi joto, na usiku huweza kutulia au kugeuka na kutoka nchi kavu. Utabiri wa hali ya hewa usomwe hadi asubuhi, si hadi wakati wa kula.

Usilale mahali ambapo nanga ikiachia upepo utakusukuma ufukweni au kwenye mwamba. Pwani iliyo demani yako, yaani upande upepo unakoelekea, haikupi muda wa kurekebisha kosa.

Kuhusu sakafu ya bahari, mchanga ni mzuri. Tope nalo hushika, ila linahitaji nanga yenye makucha mapana na muda wa kujizika. Majani ya bahari hudanganya: nanga hunasa mizizi, inaonekana imeshika, halafu kishungi kizima kinang'oka. Miamba ama haishiki kabisa ama inashika milele. Matumbawe yaache. Nanga moja huvunja kilichokua kwa miaka mingi, na mnyororo unaozunguka usiku kucha humalizia kilichobaki. Katika maji maangavu mchanga huonekana kama doa jeupe. Lenga katikati ya doa hilo.

Epuka njia ya meli, na mahali ambapo ramani inaonyesha nyaya au mabomba chini ya maji.

Mkikuta boti nyingine, aliyetangulia ana haki ya mahali pake, na wewe uliyefika baadaye ndiye utakayehama mkigongana. Boti yenye mnyororo mtupu huzunguka duara dogo. Yenye kamba huzunguka duara kubwa. Ukiweza, muulize jirani ametoa mita ngapi. Ni swali la kawaida, hakuna anayelichukia.

## Hatua ya 3: Hesabu maji yatakayokuwepo usiku

Nenda taratibu hapa. Chukua kalamu.

Katika pwani nyingi maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kujaa ni kama saa 12 na dakika 25. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa huwa kubwa. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, huwa ndogo. Kiasi chenyewe utakipata kwenye jedwali la eneo ulipo, maana kuna pwani zenye tofauti ya sentimita chache na nyingine zenye mita nyingi.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Kanuni ya mabaharia hugawa tofauti yote kwa 12: saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Ni makadirio, na yanafaa pale tu maji yanapojaa mara mbili kwa siku kwa utaratibu wa kawaida.

Tuchukue mfano. Maji yalikuwa yamekupwa kabisa saa 10 alasiri. Tofauti ya kupwa na kujaa ni mita 3.6. Mmefika saa 12 jioni, yaani saa mbili baadaye, kwa hiyo yamepanda sehemu 3 kati ya 12, sawa na mita 0.9. Yamebaki mita 2.7 za kupanda.

Kipima kina kinasoma mita 3.1. Kifaa hicho kiko mita 0.4 chini ya uso wa maji, hivyo kina halisi ni mita 3.5. Ongeza 2.7, unapata mita 6.2 maji yatakapojaa, kama saa 4 usiku na kitu. Ongeza kimo cha omo juu ya maji, mita 0.8, kwa sababu amari inaanzia huko juu. Jumla ni mita 7.

Sasa hesabu upande wa pili. Kama yatakupwa tena kwa kiwango kilekile, yatafika mita 2.6 karibu na saa 10 na nusu alfajiri. Boti inayozama mita 0.9 itabaki na mita 1.7 chini yake. Panatosha. Kama ungebakiwa na chini ya nusu mita ningekwambia sogea kilindini, kwa sababu wimbi dogo tu lingeugongesha mkuku, yaani uti wa chini wa boti, sakafuni.

Hesabu ikiwa sahihi utakuwa na namba mbili kwenye karatasi: kina kirefu cha usiku pamoja na kimo cha omo, na nafasi itakayobaki chini ya boti maji yakikupwa. Usiende hatua ya 4 bila namba hizo.

## Hatua ya 4: Toa amari ya kutosha

Nanga ya kisasa hufanya kazi kama jembe la kukokotwa: ikivutwa kwa ulalo hujizika, ikivutwa kwenda juu hutoka. Urefu wa amari ndio unaoufanya mvuto uwe wa ulalo.

Kwa mnyororo mtupu na hali tulivu, toa mara 5 ya ile jumla. Kwa kamba iliyoungwa na mnyororo mfupi, mara 7. Upepo ukitarajiwa kuwa mkali na nafasi ipo, ongeza hadi 8 au 10. Mara 3 inatosha kwa chakula cha mchana, mtu akiwa macho.

Kwa mfano wetu, mnyororo mtupu ni 7 × 5, mita 35. Kamba ni 7 × 7, mita 49.

Linganisha na aliyesoma 3.1 kwenye kioo cha kipima kina, akazidisha kwa 5, akatoa mita 15 na nusu. Maji yakijaa, amari yake ni mara 2.2 tu ya kimo chote. Mvuto unakwenda juu, na nanga inatoka bila hata upepo mkubwa. Hapo ndipo zilipo taa za pwani zilizohama.

Usipuuze upepo: ukiongezeka maradufu, nguvu yake juu ya boti huwa mara nne. Utulivu wa jioni haukwambii lolote kuhusu mvuto wa usiku.

Kama hakuna nafasi ya kuzunguka na amari yote hiyo, mahali hapo ni padogo kwenu. Tafuteni pengine kungali na mwanga.

## Hatua ya 5: Karibia polepole, shusha, usirushe

Zunguka kwanza eneo lote ambalo boti itafagia usiku, ukisoma kina. Utagundua kipwa, yaani fungu la maji mafupi, au jiwe kabla halijakugundua.

Kisha elekeza omo kwenye upepo. Kama mkondo una nguvu kuliko upepo, elekeza kwenye mkondo. Ukiona boti nyingine zimelala kwa upande fulani, fuata upande huohuo.

Endesha hadi pointi ya nanga, simamisha boti kabisa, na ianzapo kurudi nyuma ndipo mtu wa omo ashushe nanga hadi iguse chini. Ukiirusha, mnyororo huiangukia na kuyazunguka makucha yake. Ukimwaga amari yote kwa mkupuo boti ikiwa imesimama, utapata rundo la chuma lisiloshika kitu.

Bonyeza alama ya GPS wakati nanga inagusa chini, si baadaye. Duara lenu linazunguka nanga, na nanga iko pale ilipogusa chini.

Acha boti irudi nyuma taratibu, na amari itolewe kwa mwendo uleule ili ilale sakafuni kwa mstari.

Onyo kubwa la mwongozo huu wote: usifunge nanga nyuma kwenye tezi ya boti ndogo, hata kwa dakika tano. Nyuma ndiko kwenye uzito wa injini na ubao mfupi juu ya maji. Mawimbi yanaingia, boti haiwezi kuinuka kwa sababu imefungwa chini, na hujaa maji haraka kuliko mnavyoweza kuyachota. Mara nyingi watu hufanya hivyo wakivua samaki, bahari ikiwa tulivu.

## Hatua ya 6: Ijaribu nanga

Watu huruka hatua hii kwa aibu au kwa njaa.

Ikishatoka theluthi ya amari, ifunge kwa muda na uache ikaze kidogo, ili makucha yaanze kuuma. Toa iliyobaki. Funga kwenye chuma imara cha omo. Winchi, yaani mashine ya kuvutia amari, si mahali pa kubeba mzigo wa usiku. Kwa mnyororo mtupu, unga kamba ya nailoni ya mita kadhaa kati ya mnyororo na boti, ibebe mvuto na kumeza mishtuko.

Sasa tia gia ya nyuma, injini polepole. Subiri amari inyooke. Ongeza nguvu kidogo kidogo hadi wastani, shikilia nusu dakika au zaidi. Ukianza na nguvu nyingi unaing'oa kabla haijajizika, hasa kwenye tope.

Wakati huo tazama pembeni ya boti, nchi kavu. Chagua vitu viwili vilivyo kwenye mstari mmoja, tuseme mti na pembe ya nyumba nyuma yake. Vikibaki kwenye mstari injini ikivuta, nanga imeshika. Kimoja kikihama mbele ya kingine, boti inaiburuta nanga.

Mtu wa omo aweke kiganja juu ya amari, mbele ya mahali ilipofungwa. Nanga iliyoshika huifanya ikaze na kutulia. Nanga inayokokoteka huleta mtetemo na mishtuko midogo, kama mguno, inayosikika hadi miguuni.

Imeburuta? Ivute yote, safisha majani kwenye makucha, rudia. Ikikataa mara tatu badilisha mahali, kwa kuwa sakafu hiyo haikutaki.

Utajua umefaulu injini ikivuta nyuma kwa nguvu ya wastani, amari ikiwa imenyooka, na vitu viwili vya pwani havijasogea. Ukizima injini, boti itavutwa mbele kidogo kwa uzito wa mnyororo.

## Kabla watu hawajaruka majini

Marafiki watataka kuogelea mara injini izimwapo. Iwe imezimwa kweli, ufunguo mkononi mwa nahodha. Ngazi ishushwe kwanza: kupanda boti kutoka majini bila ngazi ni kugumu kuliko wanavyodhani wote. Tupa kamba inayoelea nyuma ya boti, yenye boya mwishoni, ili anayechukuliwa na mkondo apate cha kushika. Asiogelee mtu karibu na moshi wa injini au jenereta, kwani hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu na huua.

## Hatua ya 7: Taa, na zamu za usiku

Jua likizama washa taa nyeupe ya pande zote. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 zinataka hivyo, na mchana zinataka alama nyeusi ya mviringo sehemu ya mbele. Chombo cha chini ya mita 7 kimesamehewa kikiwa mbali na njia nyembamba, mapito ya meli, maeneo ya kutia nanga na mahali vyombo vingine hupita kwa kawaida. Mimi ningeiwasha tu. Anayekuja gizani kwa kasi hajui urefu wa boti yako.

Weka king'ora cha nanga kwenye GPS. Nusu ya upana wa duara, yaani kutoka nanga hadi ukingoni, ni urefu wa amari pamoja na urefu wa boti na mita chache za makosa ya kifaa. Duara dogo mno litawaamsha bure hadi mtu akasirike na kukizima.

King'ora hakitoshi siku ya kwanza mahali pageni. Pangeni zamu za saa mbili mbili. Zamu nzito ni ile ya maji kujaa, ambapo amari iko katika hali dhaifu kuliko saa zote, na ile ya maji kugeuka, ambapo boti huzunguka na nanga huvutwa kutoka upande mpya. Apewe mtu makini, na aliyekunywa pombe asipewe zamu yoyote. Kila zamu iandike mambo matatu: kina, upande wa omo kwa dira, na kama taa mbili mlizochagua pwani bado ziko kwenye mstari.

Dalili za hatari ni boti kulala ubavu kwa upepo badala ya kuuelekea, amari kutetemeka, na kina kubadilika kinyume na hesabu yako ya hatua ya 3.

Dalili hizo zikitokea: amsha wote, majaketi yavaliwe, washa injini kwanza. Hakikisha hakuna kamba nyuma kabla ya kutia gia. Kama kuna nafasi, ongeza amari uone kama itashika. Isiposhika, sogea mbele taratibu ukiivuta, mkaanze upya mahali pengine. Kama mwamba uko karibu na amari haivutiki, ikate. Funga boya mwishoni kama muda upo.

## Hatua ya 8: Kung'oa

Asubuhi washa injini, iache ipate joto. Mtu wa omo aonyeshe kwa mkono amari inakoelekea, na mwenye usukani asogee huko polepole. Injini ndiyo iisogeze boti. Mikono au winchi zikusanye tu amari iliyolegea.

Amari ikisimama wima, ifunge na usubiri. Mawimbi yakiinua omo, nanga huachia yenyewe. Isipoachia, sogea mbele taratibu kupita juu yake, uivute kutoka upande wa kinyume na ule iliojizikia. Kwenye sakafu yenye mawe ni busara kuwa umefunga kamba nyembamba kwenye kichwa cha nanga, upande wa makucha, tangu jana, yenye boya dogo juu, ili uivute kinyumenyume. Penye boti nyingi kamba hiyo huingia kwenye pangaboi za wengine, kwa hiyo itumie palipo wazi.

Usiongeze mwendo hadi aliye omo aione nanga ikitoka majini na kuthibitisha haijabeba waya au kamba ya mtu. Suuza tope kwa ndoo kabla mnyororo haujaingia ndani, la sivyo boti itanuka kabla ya adhuhuri. Kaza nanga mahali pake kwa kamba ya pili, kisha tazama makucha: yakiwa na mchanga au tope hadi shingoni, ilikuwa imejizika. Yakiwa na majani tu, kesho tafuteni doa jingine.